Mkopo unaomfukuza mteja: hesabu ya ujirani katika duka la mtaani

Duka la rejareja la uswahilini, iwe Manzese, Tandika au Mbagala, halina siri kubwa. Sukari ya Mangi huyu na ya Mangi wa nyumba ya nne imetoka kwenye magunia ya aina moja, imenunuliwa jumla kwa bei zinazopishana shilingi chache, na inauzwa bei ileile kwa sababu mtaa mzima unaijua. Sabuni ni ileile, kiberiti kilekile. Kinachomfanya Mama Zuhura apite maduka mawili akanunue la tatu hakijapangwa kwenye shelfu.

(Mangi lilikuwa jina la watawala wa Wachagga. Dar es Salaam limekuwa jina la muuza duka yeyote, hata akiwa Mkinga wa Makete au Mpemba, na wengi wao wameacha kusahihisha.)

Watu husema siri ni roho nzuri. Basi nenda kaangalie maduka yaliyofungwa: mengi yalikuwa ya watu wenye roho nzuri. Mlango umeshushwa, shelfu tupu, kilichobaki ni kaunta buku lililojaa majina ya watu ambao siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara. Wapo pia waliofunga kwa kuwa wakavu, wasiomwandikia mtu hata kiberiti, wasiofika msibani, na siku walipopata shida hakuna aliyewainua. Ujirani ni sehemu ya mtaji kama ilivyo sukari, na kama sukari, unapimwa.

Bei nitakazotaja humu ni za mfano, uweke za kwako.

Gunia moja la sukari

Anza na gunia, maana mambo mengine yote ya duka yanaelezeka kwa gunia. Kilo 50, umenunua kwa 130,000, yaani 2,600 kwa kilo. Unauza 2,800, au robo kwa 700. Gunia likiisha umepata 140,000. Faida ni 10,000, toa nauli ya bodaboda au bajaji na vifungashio, inabaki kama 8,000. Robo mia mbili zimepimwa, mkono umeinuka mara mia mbili, kwa shilingi elfu nane.

Sasa mteja mmoja ameondoka na deni lako la elfu ishirini na mbili. Ukitoa faida uliyokuwa umeihesabu humo ndani, mtaji uliopotea ni kama 20,000. Ili kuurudisha kwa sukari unahitaji kuuza magunia mawili na nusu, robo 500. Mwenye duka aliyewahi kupiga hesabu hii kwenye karatasi hakopeshi tena kwa aibu ya kusema hapana.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: nyumba inayonunua vitu vya 5,000 kwa siku, kwa faida ya asilimia 8, inakuachia 400 kila siku, 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Hiyo ni nyumba moja tu yenye watu watano. Ukiipoteza kwa ugomvi wa sabuni ya kipande, umepoteza faida ya magunia kumi na nane kwa mwaka.

Kwa hiyo una namba mbili za kubeba kichwani kila mtu anapoomba kuandikiwa: deni likipotea linagharimu nini, na mtu mwenyewe akipotea anagharimu nini. Hasara mbaya kuliko zote inachanganya namba hizo mbili. Mtu anayedaiwa zaidi ya uwezo wake haji dukani. Anaona haya. Anatuma mtoto kwa jirani yako, na huko ananunua kwa pesa taslimu! Hela anayo, ila si ya kukulipa wewe yote kwa mkupuo, na hawezi kuitoa mbele yako akanunulia maharage. Umempa mkopo, na mkopo umemhamisha. Ndiyo maana ukomo wa deni humlinda mteja kabla haujamlinda mwenye duka.

Nani aandikiwe, na kiasi gani

Mkopo wa dukani ufuate jinsi mtu anavyopata hela. Mama lishe akija saa kumi na mbili asubuhi akachukua mchele, mafuta, nyanya za kopo na chumvi vya 20,000, akalipa saa kumi jioni akishauza, hiyo elfu ishirini inarudi siku ileile. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mauzo ni 520,000, na faida ya asilimia 8 ni 41,600. Mtaji uliofungwa kwake ni 20,000 tu, tena kwa saa kumi.

Mfanyakazi wa mshahara anayekusanya deni la 60,000 hadi mwisho wa mwezi anakuachia faida ya 4,800, na hela yako imelala kwake wiki kwa wiki. Anavaa shati la kupiga pasi, anaheshimika, na wenye maduka wengi humpa yeye daftari wakamnyima mama lishe kwa sababu ana masufuria meusi. Hesabu inasema kinyume.

Bodaboda na vibarua wanaolipwa kwa siku: usizidishe matumizi yao ya siku moja. Fundi anayelipwa Jumamosi: wiki moja. Mwenye mshahara: weka kiwango anachoweza kulipa siku ya mshahara bila kukopa kwingine, na ukiwa na shaka, kiwe nusu ya ulichofikiria. Mgeni mtaani anunue kwa pesa taslimu miezi miwili kwanza, na hili ulimwambie siku ya kwanza akiuliza, asije akadhani umemchukia.

Halafu kuna ukomo wa duka zima. Ukiwa na bidhaa za 1,500,000, madeni yote kwa pamoja yasipite kama 225,000, asilimia 15. Juu ya hapo utaanza kukosa mzigo, na duka lisilo na sukari leo na lisilo na unga kesho linapoteza hata wanaolipa. Mtaani wanaita hali hiyo kukata mtaji. Haianzi kwa wizi wala mwaka mbaya. Inaanza na "niandikie tu, nitakuletea".

Jambo moja ambalo wageni wa biashara hulisahau: Dar es Salaam wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na wanaohama huhama kodi inapoisha. Jua kodi ya mteja wako inaisha lini. Si umbeya huo, ni mambo anayoyasema mwenyewe akisubiri chenji. Mwezi wa mwisho wa kodi, ukomo wake unashuka taratibu, bila kutangaza.

Daftari

"Mali bila daftari hupotea bila habari" ni methali ambayo kila mwenye duka anaijua, na bado wengi wanaandika mkopo kwenye pakiti ya sigara iliyopasuliwa.

Kaunta buku moja linatosha. Kila mteja na ukurasa wake, jina juu, namba ya simu, na ukomo wake umeandikwa kwa penseli pembeni. Safu ni tarehe, kitu, bei, alicholipa, salio. Salio liandikwe kila mara, kila mstari, si kujumlisha mwisho wa mwezi. Ugomvi mwingi wa madeni hauhusu wizi. Unahusu watu wawili waliojumlisha kwa nyakati tofauti. Andika mteja akiwa amesimama hapo, si baadaye ukitulia. Ukitulia hukumbuki kama ilikuwa robo au nusu, na utaandika ile inayokufaa bila hata kujijua.

Tundu kubwa la daftari lina umri wa miaka minane na halijafika juu ya kaunta:

"Mangi, mama amesema umuandikie nusu sukari, sabuni ya kipande na kiberiti."

Unampa. Mwisho wa mwezi mama anakana sabuni. Inawezekana mtoto alichanganya, inawezekana kuna biskuti iliyoingia katikati, inawezekana mama amesahau. Vyovyote iwavyo, wewe ndiye unayeonekana mwizi. Dawa yake inagharimu bei ya daftari dogo la shule: mteja wa mkopo apewe kitabu chake. Mtoto akitumwa aje nacho, unaandika humo na kwenye kaunta buku, mistari miwili inayofanana. Hakuna kitabu, piga simu. Simu haipokelewi, mpe mtoto kiberiti na sukari, mwambie sabuni atakuja kuchukua mama. Kitabu hicho kinamsaidia na mama mwenyewe: anaona kila siku anavyopanda, na wengi hujizuia wenyewe kabla hujawazuia.

Kuhusu kudai. Mteja mzee kuliko wewe amekuja na kikapu, dukani kuna watu wawili. Usiseme kitu, muuzie anachotaka. Subiri watu watoke, au mfuate hatua mbili nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri mama. Ile hesabu yetu imefika elfu ishirini na mbili. Tuifanyeje?"

Maneno haya yamepimwa. "Hesabu yetu", si "deni lako". "Tuifanyeje" inamwachia yeye ataje mpango, na mpango alioutaja mwenyewe ataulinda kuliko uliompangia. Akisema "mwisho wa mwezi", uliza tarehe ngapi, uiandike mbele yake. Akisema hana kabisa, fungia deni la zamani: piga mstari chini yake, kuanzia leo ananunua kwa taslimu, na kila akija anaacha elfu moja. Siku ishirini na mbili limekwisha, na kwa siku zote hizo amekuwa akija kwako. Kumkatalia kununua kwa pesa yake mpaka amalize deni ni kosa la hasira. Unamfukuzia kwa jirani na hela mkononi.

Karatasi yenye majina ya wadaiwa kwenye ukuta wa duka? Inakusanya madeni mawili na kuua nyumba kumi. Hata asiyedaiwa akiisoma anajiuliza lini litakuja lake. Kibao cha "Leo taslimu, kesho mkopo" kina afadhali, kwa sababu kinamkatalia kila mtu sawasawa na kinachekesha, ila kama nyuma yake unakopesha baadhi ya watu, mtaa utajua ndani ya wiki.

Makampuni ya simu yaliliona soko hili zamani. Kenya, M-Shwari, ya akiba na mikopo kwa simu, ilianza 2012, na Fuliza ikafuata 2019: salio likipungua, simu inakukopesha na kukata tozo. Tanzania nazo huduma za namna hiyo zipo. Simu inapima historia ya miamala. Haijui kwamba mume wa huyu mama amelazwa, wala kwamba yule kijana amepata kazi bandarini. Mangi anajua, na kwa kujua huko halipwi tozo, analipwa kwa mtu kurudi kesho. Ndiyo sababu taarifa hizo zisitoke dukani. Siku ukisimulia ya Mama Zuhura kwa Mama Rehema, Mama Rehema anaondoka akijua ya kwake yatasimuliwa kwa nani.

Mizani, chenji na vitu usivyouza

Kuna fikra kwamba uwajibikaji kwa jamii ni mambo ya benki na migodi, kujenga darasa na kupiga picha na hundi kubwa ya kadibodi. Kwa duka unaanzia kwenye sahani ya mizani.

Punguza gramu 10 katika kila robo. Gunia la robo 200 linakuachia kilo 2, shilingi 5,600. Inaonekana hela ya bure. Lakini mama wa nyumba ana jicho: robo ya kwako haijazi mkebe wake kama ya jana. Hatasema. Atahama, na nyumba moja ikihama umepoteza 12,000 kwa mwezi, zaidi ya wizi wa magunia mawili. Upande mwingine, mkono mzito unaoongeza gramu 5 kila robo unakula kilo nzima kwa gunia. Kwa hiyo mizani ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo, stika ionekane, isimame mahali tambarare, na sura yake imwelekee mteja. Mizani iliyogeuziwa ndani inazungumza vibaya kabla hujafungua mdomo. Mafuta ya kupima yana balaa lake: vijiko viwili vya chakula vikimwagika au kuganda kwenye kipimo kwa kila lita, dumu la lita 20 limepoteza mililita 600, robo mbili na ushee. Tumia pampu au faneli na uache kipimo kichuruzike mpaka tone la mwisho; mteja naye anapenda kuliona hilo tone.

Chenji ya pipi ni wizi mdogo unaokumbukwa muda mrefu. Kila Jumamosi tafuta sarafu za 50, 100 na 200 kwa makondakta wa daladala au kwa wauza maji. Zikikosekana, andika hiyo hamsini kwenye daftari upande wa wanaokudai wewe. Mtu akikuta jina lake upande huo, na ukamkumbusha mwenyewe keshokutwa, umepata kitu ambacho tangazo halinunui.

Sigara kwa mtoto aliyetumwa na baba, hapana, hata kama baba ni mteja mkubwa. Dawa za antibayotiki zikae duka la dawa. Tarehe za mwisho za matumizi zikaguliwe kila Jumatatu, za karibu zije mbele. Na usinunue shehena ya kitu ambacho serikali imeshatangaza kitakatazwa: viroba vya pombe vilipopigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, walioumia zaidi ni waliovutwa na bei ya chini ya jumla siku za mwisho.

Taa ya nje ya duka wengi huizima kubana umeme. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inatumia uniti kama 3.2 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya takriban 356 kwa uniti, ni kama 1,150. Kwa hela hiyo kona ina mwanga, wanawake wanapita bila woga, na wewe unauza mpaka saa nne usiku. Sijui mchango gani mwingine wa mtaani ulio rahisi kiasi hicho.

Sukari ilipoadimika

Mwanzoni mwa 2024 palitokea mtihani wa maduka yote. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwamisha uzalishaji viwandani, sukari ikapotea, na Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Mitaani ilifika 4,000 na kupita, na Machi Ramadhani ikaingia, mwezi ambao uji na chai vinanywewa kila nyumba.

Muuza duka alibanwa pande mbili: jumla anauziwa juu ya bei kikomo, na akiuza juu yake anavunja agizo. Katika hali kama hiyo kuna njia zinazoharibu jina kwa miaka. Kuficha gunia chini ya kaunta na kusema hakuna, wakati mtoto wa jirani ameliona likishushwa. Kumlazimisha mtu anunue na unga ndipo apate sukari. Njia iliyo salama ni ya wazi: dai risiti ya jumla na uitunze, ikikaguliwa uionyeshe. Kama bei ya jumla haikuruhusu kuuza kihalali, acha kuleta, sema "sukari sijaleta, bei imenishinda", watu wanaelewa. Ukileta, pima kwa ukomo, nusu kilo kwa nyumba kwa siku, sawa kwa anayekuja na anayetuma, na mama wa chai na vitumbua umtengee yake jana yake jioni kwa makubaliano, kwa sababu wewe ukikosa faida ya gunia, yeye anakosa kazi nzima.

Msiba na kadi

Turubai likifungwa mtaani, duka linaguswa kabla ya saa moja kupita. Kamati inahitaji sukari, majani ya chai, unga, mchele, maji, sabuni, mkaa. "Kufa kufaana" wanasema, na kweli utauza, ila siku hiyo bei isisogee hata shilingi hamsini.

Tenga fungu la jamii, asilimia 5 ya faida ya mwezi. Faida ikiwa 300,000, fungu ni 15,000. Toa bidhaa kuliko hela: kilo tano za sukari zimekugharimu 13,000, kwa anayepokea ni 14,000, na zinaonekana jikoni kesho yake, wakati noti inazama kwenye daftari la rambirambi. Kinachotolewa kiandikwe kama kimetolewa. Kinachochukuliwa na kamati kwa kulipa baadaye kiandikwe kwa jina la mtu mmoja wa kamati, akubali kwa mdomo mbele ya mwenzake, kilipwe kabla ya turubai kushushwa. Baada ya matanga kamati haipo tena, kila mtu amerudi kazini, na kumdai mjane deni la pilau ni jambo ambalo hakuna anayetoka nalo salama.

Nenda kuzika. Kijana wa dukani anaweza kubaki, lakini mwenye duka aonekane. Jeneza likipita mbele, shusha mlango nusu na uzime redio.

Kadi za harusi ni habari nyingine. Duka lenye wateja mia moja litapokea kadi, barua za kipaimara na michango ya maulidi kila mwezi, na anayesema ndiyo kwa zote anasema uongo kwa nusu yake. Kanuni nyepesi: msibani unafika kwa kila mtu, mteja na asiye mteja, sherehe unachangia wanaokununulia, kwa kiwango kimoja usichokipandisha kwa sura. Fungu likiisha, sema mapema, "mwezi huu mfuko wangu umeisha, nitakuja na mikono kusaidia kupika". Ahadi ya 20,000 isiyolipwa inakaa kwenye orodha ya kamati, inasomwa kwenye kikao, na kila mjumbe wa kikao ananunua unga mahali fulani.

Mali kauli

Wewe nawe ni mteja wa mtu. Wa jumla wa Kariakoo au Manzese akikuamini anakupa mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako, unalipa ukiuza. Huombwi dhamana yoyote, na uaminifu huo hujengwa kwa utaratibu mkavu sana. Nunua kwake kwa taslimu miezi mitatu mfululizo, siku zilezile, usirukeruke maduka kwa tofauti ya 500. Kisha omba aina moja ya bidhaa, kiasi kidogo, siku saba. Lipa siku ya sita.

Omba vinavyotoka haraka: sukari, unga, sabuni, mafuta. Kosa la kawaida ni kuchukua mzigo wa 400,000 wa kulipa siku 7 wakati dukani kwako unaisha siku 12. Siku ya saba una mauzo ya kama 230,000 tu, unachomoa hela ya bidhaa nyingine kujazia, na wiki inayofuata shelfu zinaonyesha. Hela ya mali kauli iwe na kopo lake au laini yake ya simu. Ikichanganyika na ya duka, utaiona ni faida, utalipia ada ya mtoto.

Ukiona hutafikia tarehe, nenda siku mbili kabla, na sehemu ya hela mkononi. "Boss, nina laki mbili na nusu, iliyobaki Jumatatu." Atanuna, atapokea. Wanaozima simu ndio wanaofungiwa, na wa jumla hunywa chai pamoja. Jina lililochafuka mtaa wa Kongo, Kariakoo, limeshafika Manzese kabla ya wewe kupanda daladala.

Duka la jirani nalo lina nafasi yake. Mtapeana kreti tupu za soda, chenji, na kama wote ni mawakala wa pesa kwa simu, jioni mmoja ana keshi nyingi na mwenzake ana floti, yaani hela iliyo kwenye simu. Mbadilishane papo hapo, noti zikihesabiwa mbele ya wote wawili, ujumbe ukiingia ndipo noti zinaondoka. "Nitakuletea kesho" kati ya mawakala imevunja urafiki mwingi kuliko ushindani wa bei.

Desemba

Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wanapanda kwenda Moshi, na mitaa mizima ya Dar es Salaam hubaki na milango ya bati iliyofungwa. Hapo ndipo mambo yote ya mwaka yanapimwa kwa wiki mbili.

Anza kukusanya madeni tarehe 1, si 20. Mshahara wa Novemba bado uko mifukoni, wa Desemba utaliwa na sikukuu, na Januari ni ada na sare za shule, hakuna anayelipa. Kuanzia tarehe 10 usimwandikie mtu mpya. Wenye vitabu waambie mmoja mmoja unasafiri lini na unarudi lini. Kijana wa dukani umlipe mshahara wake kabla hujaondoka, pamoja na nauli kama naye anakwenda kwao, maana anayebaki na funguo za duka huku akikudai miezi miwili amewekwa kwenye majaribu na wewe mwenyewe.

Mama lishe haendi Moshi. Watu wa ujenzi watakula kwake mpaka tarehe 24, na kuanzia 27 wameshaanza kurudi. Siku tatu kabla ya safari mpeleke kwa jirani yako aliyebaki, mwambie huyu huchukua elfu ishirini asubuhi, hulipa saa kumi jioni, na mwaka mzima hajaniangusha. Jirani atampa. Utakuwa umemkabidhi mteja wako bora kwa mshindani wako kwa siku kumi na mbili. Mlangoni bandika karatasi yenye tarehe ya kufungua na namba ya simu, na tarehe hiyo ikifika, fungua saa kumi na mbili asubuhi, saa anayoanza kuosha masufuria.